ngrok nikiwa Mtwara: nilivyoacha kujilipa buku buku kila nikitesti webuhuku

Nianze na hesabu maana ndo iliyonifanya niandike kuhusu hii programu ya ngrok. Mwezi wa kumi, msimu ndo unaanza, mtaa mzima unanuka mabibo, nimekaa barazani Chuno kwa mama mmoja anayebangua korosho na kuzikaanga, na kwa siku moja nimejilipa mwenyewe buku mara kumi na nne. Yani natoa buku kwenye laini yangu, inaingia kwenye akaunti ya biashara ya mama, halafu nasubiri ule ujumbe wa "imelipwa" ufike kwenye mfumo niliokuwa namtengenezea, haufiki, narekebisha kodi (maandishi ya programu, sio ya serikali), napandisha kwenye seva ya kukodi, najilipa tena. Elfu kumi na nne ikahama hivo hivo na makato juu, na mama anacheka tu, "mwanangu leo biashara imechangamka".

Mfumo wenyewe ni mdogo. Mteja yuko Dar, anachagua kilo ngapi, analipa kwa simu, ujumbe unarudi kwenye mfumo kwamba hela imeingia, oda inatokea kwenye simu ya mama, anafunga mzigo unapelekwa stendi. Huo ujumbe unaorudi ndo webuhuku, wengine mnaita kolbaki, kitu ni kile kile: kampuni ya malipo inapiga hodi kwenye linki uliyowapa na kukuambia fulani kalipa kiasi fulani, kumbukumbu namba hii. Hiyo kampuni siitaji maana sijaja kugombana na mtu, ila mazingira yao ya majaribio hayatumi huo ujumbe kabisa, unatesti kwa hela ya kweli au hutesti. Na kwenye dashibodi yao ujumbe ukigoma unaona neno moja tu jekundu kwamba umeshindikana, umeshindikana kwanini hamna.

Mama akaniuliza, "Sasa si umelipa? Simu yangu imelia hapa."
Nkamwambia imelipwa mama, ila kompyuta haijui.
"Kwani kompyuta haina simu?"

Nlicheka lakini kapatia kuliko watu wengi wa fani hii. Laptopu haina namba ya kupigiwa. Ukiwa unatumia intaneti ya simu, mtandao unawaweka wateja kibao nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hiyo wewe unaweza kutoka kwenda kokote ila mtu wa nje hawezi kukufikia wewe kama wewe. Ndo maana nilikuwa napandisha kila kibadiliko kwenye seva ya nje, yenyewe ina anwani, na kule sioni kitu kinachotokea mpaka nifungue logi, na bando likiyumba kuingia kwenyewe shughuli.

Sasa ngrok. Ni programu ya kwenye teminali, hamna vitufe, unaandika amri basi. Nilivyomweleza mama ni hivi: mzigo wako ukitoka Dar hauletwi mpaka mlangoni, unaishia stendi ya Mkanaledi, na kama huna muda unakuwa na kijana wako pale anaupokea anakuletea nyumbani kwa boda. ngrok ndo huyo kijana. Laptopu yangu inatoka yenyewe kwenda kwenye seva zao, inashikilia laini wazi, wao wananipa anwani ya https inayojulikana dunia nzima, chochote kikigonga pale kinapitishwa kwenye ile laini mpaka kwenye poti (mlango wenye namba) ya laptopu yangu, na jibu linarudi njia hiyo hiyo. Kampuni ya malipo haijui kama inaongea na mtu aliyekaa kwenye mkeka.

Kuiweka sio kazi. Unafungua akaunti ya bure, unapewa tokeni, unaandika `ngrok config add-authtoken` na tokeni yako mara moja tu, halafu kila siku ni

`ngrok http 8000`

hiyo 8000 ni poti ambayo Laravel (fremu ya PHP niliyojengea mfumo) inasimama ukiandika `php artisan serve`. Skrini inajaa maandishi kidogo, Session Status online ya kijani, Region kwangu imeandika Europe, na mstari wa Forwarding wenye anwani yako na mshale kwenda localhost, yani laptopu yako mwenyewe. Chini kabisa kila rikwesti (ombi) inayoingia inaandikwa mstari wake. Basi nikaenda kubadilisha linki ya kolbaki, nikajilipa buku ya kumi na tano, na baada ya kama sekunde nne hivi ikatokea

`POST /malipo/kolbaki   419 unknown status`

Mwanangu. Siku nzima, elfu kumi na nne, na jibu lilikuwa 419. Wa Laravel mshajua. Ile ni kinga ya fomu, CSRF, Laravel ikiona POST (ujumbe unaoleta data) inakuja kwenye njia za kawaida za wavuti bila tokeni ya fomu inaifukuza mlangoni, na kampuni ya malipo itatoa wapi tokeni ya fomu yangu? Yani kodi niliyokuwa naihangaikia haijawahi hata kufikiwa, ujumbe unafukuzwa getini mimi niko sebuleni napanga viti. Nikahamishia njia kwenye `routes/api.php`, kwisha. Kosa langu kabisa, la kizembe, lakini kwenye seva ya nje sikuliona na hapa limekuja lenyewe mbele ya macho.

Ila hapo bado sijafika kwenye kinachofanya niiweke hii kitu juu ya zingine zote. Wakati ngrok iko hewani, fungua brauza kwenye `http://127.0.0.1:4040`. Kuna ukurasa pale, uko kwenye laptopu yako mwenyewe, unaonyesha kila rikwesti iliyopita, vichwa vyake vyote (maelezo yanayotangulia ujumbe), mwili wake wote wa JSON (data iliyopangwa kwa maandishi), na jibu ambalo programu yako imelitoa. Na pembeni kuna kitufe kimeandikwa Replay. Ukikibonyeza, ujumbe ule ule unagonga tena kwenye programu yako. Ule ule, na kumbukumbu namba ile ile, bila kulipa tena.

Nimekaa miezi na miezi kwenye hii kazi sijui hicho kitufe. Watu wanakwambia "tumia ngrok" kama vile ni linki tu ya kumwonyesha mteja saiti, hakuna aliyewahi kuniambia mambo ya 4040.

Kwa hiyo kuanzia hapo buku moja ikafanya kazi ya siku nzima. Replay ya kwanza (njia ilikuwa imebadilika, nikairekebisha ndani ya Replay, kuna sehemu ya kuhariri kabla ya kutuma) ikanipa 404 ya kwangu mwenyewe niliyoandika, "oda haipo". Nikatazama JSON: namba ya mlipaji imekuja inaanza na 255, na mimi kwenye hifadhidata nimehifadhi inaanza na sifuri saba. Hivi ni vitu ambavyo ukisoma maelekezo ya kampuni ya malipo huvikuti, mfano wao wana namba ya uongo tu 123456. Nikarekebisha, Replay, ikaja 500, yani programu yangu imeanguka, kiasi kimekuja kama maandishi "1000.00" na mimi nilikuwa nalinganisha kwa usawa kamili na namba 1000. Nikarekebisha, Replay, 200, yani imepokelewa salama. Nikapiga kelele mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia.

Halafu kidole kikateleza nikabonyeza Replay mara ya pili. 200 tena. Na simu ya mama ikalia mara ya pili, oda mpya, mteja yule yule, kiasi kile kile.

Hapo ndo nilitulia. Maana hizi kampuni nyingi zina tabia, zisipopata 200 kwa muda wanaoutaka zinatuma tena, na hiyo ni sawa kabisa ndo inavyotakiwa, ila maana yake siku mtandao wa huku ukisuasua, ujumbe ule ule unaweza kuja mara mbili tatu, na mfumo wangu ungemwambia mama afunge kilo mbili kwa mtu aliyelipia moja. Korosho iliyobanguliwa kwa mkono hiyo, mtu kakaa nayo siku nzima mafuta ya ganda yanamchubua vidole. Dawa yake ni ndogo, safu ya kumbukumbu namba ya muamala kwenye hifadhidata naiwekea sharti isijirudie, ikija iliyokwisha andikwa najibu 200 na sifanyi kitu kingine. Nikabonyeza Replay mara nane kwa makusudi. Oda moja. Nikaweka nukta.

Sasa mapungufu, maana sio kwamba naiuza.

La kwanza, kumbukumbu za kwenye 4040 zinaishi tu wakati programu iko hewani. Ukiifunga zimeondoka. Mimi umeme ulikatika, betri ya laptopu yangu ni ya kujitolea, ikazima, niliporudi ukurasa mweupe, ujumbe wangu niliolipia umepotea, nikatoa buku nyingine. Tangu siku hiyo ujumbe mzuri ukiingia tu nanakili JSON yake naihifadhi kwenye faili, halafu natesti hata intaneti haipo kabisa, kwa curl, amri ya teminali ya kutuma rikwesti:

`curl -X POST http://localhost:8000/api/malipo/kolbaki -H "Content-Type: application/json" --data-binary @malipo.json`

Angalia nimeandika `--data-binary`, sio `-d`. Ukitumia `-d` na faili, curl inaondoa mistari mipya, mwili unabadilika kidogo, na kama kampuni yako inasaini ujumbe (alama ya kuthibitisha umetoka kwao na haujaguswa) basi saini haitakubali na utatafuta mchawi. Na vichwa vyenye saini uvinakili navyo. Hii ya faili kwa sie wa kusini naiona lazima, mnakumbuka Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika nchi nzima ikabaki inatazamana, na wiki moja tu nyuma yake kimbunga Hidaya kilikuwa kimeshatuvuruga. Siku kama hizo kijana wa stendi hata awe hodari vipi basi halijafika. Maana kumbuka hata kama kampuni ya malipo iko Dar na wewe uko Mtwara, ujumbe unatoka Dar unapanda mpaka seva za ngrok nje ya nchi halafu ndo unashuka Chuno. Kwa kutesti haina shida, sekunde moja juu haikuui, ila usije ukaiacha ndo iwe mlango wa biashara ya kweli.

La pili, mlango uko wazi kwa kila mtu. Nimeiacha usiku mmoja nimepitiwa na usingizi, asubuhi kwenye ile orodha nakuta GET /.env, GET /wp-login.php, sijui nini, roboti za huko duniani zinajaribu vitasa. Faili la `.env` ndo lina nywila za hifadhidata na funguo zote, kwa hiyo kama umesimamisha folda nzima ya mradi ovyo kwenye htdocs ya XAMPP (kifurushi cha seva ya kwenye kompyuta yako) halafu ukafungua handaki, yani ile laini ya ngrok, umejianika. Ukimaliza bonyeza Ctrl+C. Na saini ya ujumbe uihakiki hata kwenye testi, usiseme ntaweka baadae, baadae haifikagi.

Halafu ukimpa mtu linki aifungue kwa brauza, kwenye akaunti ya bure anakutana kwanza na ukurasa wa onyo mpaka abonyeze kuendelea. Webuhuku haziguswi na hilo, ni brauza tu, ila usimtumie mteja mzee bila kumwandaa.

Kuhusu anwani: akaunti ya bure inakupa anwani moja isiyobadilika, na kwangu hii imenisaidia sana kwa sababu ya kijinga, ile kampuni ya malipo kubadilisha linki ya kolbaki unawaandikia barua pepe, wanakujibu keshokutwa. Sasa fikiria ungekuwa unapewa anwani mpya kila ukiwasha. Ndo maana cloudflared, programu ya Cloudflare ya kazi kama hii, sijaishika kwa kazi hii japo naipenda, yenyewe unaandika `cloudflared tunnel --url http://localhost:8000` bila hata akaunti inakupa anwani ya trycloudflare.com hapo hapo, ila ni ya kubahatisha, ukizima ukiwasha ni nyingine. Kwa kuonyesha kazi ya haraka safi sana. Kwa kampuni inayotaka barua pepe, hapana. Smee, nyingine ya kuleta webuhuku, nayo nimeigusa, watu wa GitHub wanaitumia, shida ni kwamba inaleta ujumbe upande mmoja tu, aliyetuma haoni jibu lako, kwa hiyo ukitaka kujua akipata 500 atarudia vipi hujui.

Nikae kidogo kwenye Stripe, kampuni ya malipo ya nje, maana kuna mtu ataniuliza. Stripe kwa biashara iliyosajiliwa Tanzania huwezi kufungua akaunti, ila mimi nina mteja Uingereza ninamfanyia kazi za jioni, yeye anayo. Wao wana programu yao wenyewe ya teminali, na aisee hii ndo inanionyesha jinsi mambo yanavyotakiwa kuwa. `stripe login`, unathibitisha kwenye brauza, halafu

`stripe listen --forward-to localhost:8000/stripe/webhook`

hamna anwani ya nje, hamna kubadilisha linki popote, matukio ya akaunti ya majaribio yanashuka moja kwa moja kwenye laptopu yako. Dirisha la pili unaandika `stripe trigger checkout.session.completed` na tukio linatengenezwa, hamna shilingi iliyotoka. Hamna buku. Nilivyoiona mara ya kwanza nilihisi wivu, ujue.

Nilijichanganya sehemu moja tu nayo, na najua na wewe utajichanganya: ukiwasha `stripe listen` inakuandikia siri ya saini inayoanza na `whsec_`. Hiyo ni ya kwake, sio ile ya kwenye dashibodi. Mimi nilikuwa nimeweka ya dashibodi kwenye `.env`, kila ujumbe 400, saini haikubali, saa nzima nalaumu kodi. Weka ile iliyoandikwa kwenye teminali. Na usizoee Replay ya ngrok kwa ujumbe wa Stripe wa jana, saini yao ina muda ndani yake na maktaba zao kwa kawaida zinakataa kilichozidi dakika tano, tumia `stripe events resend` na namba ya tukio, unaletewa mpya.

Wa XAMPP: poti yenu ni 80 sio 8000, na kama umetengeneza majina ya kubuni ya saiti, ongeza `--host-header=rewrite` maana Apache (seva iliyo ndani ya XAMPP) inaangalia jina lililogongwa, ikiona la ngrok inakupeleka folda nyingine kabisa, unakaa unatazama ukurasa wa XAMPP. Na ukikuta 502 yenye ERR_NGROK_8012 usiilaumu ngrok, wewe hujawasha seva yako au poti sio hiyo. Ukikuta ERR_NGROK_3200 handaki lenyewe halijawashwa.

Bando halili sana. Ujumbe mmoja wa malipo ni maandishi machache tu, nimeiacha ikinguruma mchana mzima kwenye bando la kawaida la siku sikuona tofauti. Mtandao ukikatika inaandika reconnecting, ukirudi inajishika yenyewe na anwani ile ile, hii kwa Mtwara ni jambo kubwa.

Nyota nne kwa tano. Ya tano nimeibakiza kwa sababu ya kumbukumbu kupotea ukizima, nilitaka hata iniulize kama nahifadhi. Bure inanitosha, sijalipia kitu na kwa kazi yangu ya sasa sioni sababu.

Mfumo wa mama umeshahamia kwenye seva yake, linki ya kolbaki imebadilishwa (siku mbili, barua pepe), ngrok nimeizima. Siku ya kukabidhi nikamwomba anirudishie ile elfu kumi na sita yangu ya majaribio. Akaniangalia, akainuka, akachukua mzani, akanipimia nusu kilo ya zilizokaangwa akaifunga vizuri na jina langu juu, maana kwenye orodha yake mimi ni mteja niliyelipa. Zile buku kumi na nne zilizogoma kwa 419 hazimo kwenye orodha, ila simu yake ililia zote.